Kiingilio tumelipa, heshima iko wapi?



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumekwisha kulizoea, hata tunaliona kama sehemu ya maisha ya mjini. Nazungumzia namna sisi wateja tunavyotendewa katika kumbi za burudani. Mahali tunapokwenda kwa hiari yetu, kwa fedha zetu, tukiwa tumepiga pasi nguo zetu nzuri, halafu tunarudi nyumbani alfajiri tukiwa na hasira moyoni na viatu mkononi.

Nitaanza na yaliyonikuta mimi mwenyewe, maana wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

Miezi kadhaa iliyopita mke wangu alisikia tangazo kwamba kutakuwa na usiku wa taarabu katika ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam. Jina la ukumbi huo nitalihifadhi, kwa sababu haya ninayoyasema hayakuanzia pale wala hayaishii pale. Mwimbaji aliyetangazwa ni mtu ambaye mke wangu amemsikiliza tangu yungali msichana, na kwa kuwa tulikuwa tunatimiza miaka 25 ya ndoa, nikaona zawadi ndiyo hiyo. Nikanunua tikiti mbili za viti vya mbele, shilingi 30,000 kila moja. Tikiti yenyewe ilipendeza kweli kweli. Ilikuwa na picha ya mwimbaji, maneno "viti vya mbele", na chini yake "saa 2 kamili usiku". Nilikuja kugundua baadaye kwamba chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, palikuwa na maneno mengine: "Fedha haitarudishwa."

Saa 2 kasorobo tulikuwa mlangoni. Mlango umefungwa. Ndani tunasikia vipaza sauti vikijaribiwa, moja mbili, moja mbili, kana kwamba mafundi walikuwa wanajifunza kuhesabu. Tukasimama. Akina mama waliovaa viatu virefu wakaanza kuegemea ukuta. Saa 3 na nusu mlango ukafunguliwa ubavu mmoja, nasi tukapenya mmoja mmoja kama ng'ombe wanaoingia kwenye josho.

Ndani nikamwonyesha kijana wa kupanga watu tikiti zangu. Akanisalimu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Viti vya mbele vimejaa, lakini ngoja nikutafutie." Nikatazama. Ni kweli vilikuwa vimejaa, ila wengi wa waliovikalia waliingia kwa mlango mwingine bila kukatiwa tikiti. Hao wanaitwa wageni wa mwandaaji. Kijana akarudi na viti viwili vya plastiki, akaviweka nyuma ya nguzo. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa nitamwona nani?" Akacheka, akasema, "Mzee wangu, taarabu ni kusikiliza."

Tukakaa, tukasubiri. Saa 4 ikapita, saa 5 ikapita. Maji ya kunywa yanayouzwa dukani shilingi 1,000 pale yakawa 3,000, na anayekuja na chupa yake ananyang'anywa mlangoni. Choo kilikuwa kimoja kwa akina mama wote wa ukumbi ule, na kufika saa 5 kilikuwa hakina maji. Mshereheshaji akawa anapanda jukwaani kila nusu saa kutuambia kwamba mwimbaji yuko njiani. Saa 6 na dakika 40 za usiku ndipo mwimbaji akatokea. Akaimba nyimbo nne. Katika nyimbo mbili kati ya hizo, alipoinama kupokea tuzo alifunga mdomo, na sauti yake ikaendelea kuimba kama kawaida. Saa 8 kasorobo akatuaga, akapanda gari, akaondoka.

Jirani yetu pale nyuma ya nguzo alikuwa mama mmoja anayeuza samaki Feri. Naye alikuwa na tikiti ya 30,000. Mke wangu akamwambia, "Pole dada, hela imekwenda bure." Yule mama akajibu maneno ambayo sijayasahau mpaka leo. Alisema: "Hela inatafutwa. Kesho naamka alfajiri naenda mnadani, nitaipata. Linaloniuma ni dharau. Mimi nikimwuzia mtu samaki aliyeharibika ananirudishia, tena ananitangaza soko zima, na hela yake namrudishia. Hawa wenzetu nani anawarudishia?"

Ndugu wasikilizaji, swali hilo la muuza samaki ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Baada ya usiku ule nilijipa kazi ya kuwauliza wapiga muziki na watu wengine walioizoea biashara hii, ili nijue kwa nini saa 2 ya kwenye tikiti huwa saa 6 ya ukumbini. Nilidhani nitaambiwa habari za foleni za barabarani na umeme kukatika. Yapo hayo, lakini sababu kubwa ni hesabu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mwandaaji hukodi ukumbi, hukodi vyombo, hulipia matangazo, na humpa mwanamuziki malipo ya awali. Malipo ya kumalizia hutegemewa yatoke kwenye kiingilio cha usiku ule ule. Sasa mwanamuziki aliyekwisha kuumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Hapandi jukwaani mpaka amemaliziwa fedha yake. Kwa hiyo mwandaaji anasubiri watu wajae ndipo apate fedha, mwanamuziki anasubiri fedha ndipo apande, na watu waliokwisha kujua tabia hiyo wanachelewa makusudi kwa kuwa wanajua hakuna kitakachoanza mapema. Wote watatu wanasubiriana. Anayeumia ni yule mjinga mmoja aliyesoma tikiti akaamini kilichoandikwa.

Wakati huo mwenye baa ya ukumbi hana haraka. Kila saa moja ya kusubiri ni kreti kadhaa za bia na soda. Mtu aliyekaa saa nne bila burudani atafanya nini kama si kunywa? Ndiyo maana nasema kuchelewa kule si bahati mbaya. Kuna mtu anakula faida ya kuchelewa kwako.

Hali kadhalika idadi ya tikiti. Ukumbi wenye viti 500 ukiuziwa tikiti 500, mwandaaji anapata kiasi fulani. Ukiuziwa tikiti 800, anapata zaidi kwa gharama zile zile. Wale 300 watasimama, watabanana, watagombea kiti kimoja watu wawili wenye tikiti zinazofanana, na asubuhi watakuwa wametawanyika kila mtu na mtaa wake. Nani atawakusanya waseme kwa sauti moja?

Nisije nikaonekana namwonea mwandaaji peke yake. Biashara hii ina hasara zake. Mvua moja ya usiku inaweza kummaliza mtu. Kuna vibali vya kulipia, kuna kodi, na wapo wanamuziki wanaopokea malipo ya awali katika sehemu mbili kwa usiku mmoja, halafu wanakimbia huku na huku kama bodaboda. Lakini hasara ya biashara ni ya mfanyabiashara. Muuza samaki Feri akipata hasara jua likiwa kali, hamtozi mteja wa kesho fidia ya jua la jana.

Tena nasi wateja tuna sehemu yetu ya lawama, na hapa najihesabu wa kwanza. Usiku ule nililalamika kwa nani? Kwa mke wangu, kwa jirani yangu, na kwa dereva wa teksi aliyeturudisha nyumbani. Kwa mhusika sikusema neno. Tumelelewa kuona kwamba mtu mzima kugombania kiti au kudai 30,000 mbele za watu ni aibu. Tunasema, "Aah, tuyaache, tumekuja kustarehe." Ukimya wetu huo nao umo katika hesabu ya mwandaaji. Anajua kabisa kwamba tutanung'unika, tutalala, na tangazo lijalo likisomwa tutakwenda tena.

Sasa msikilizaji unaweza kuniuliza: Je, mzee huyu ametuita mbele ya redio kwa ajili ya kiti cha plastiki na maji ya 3,000? Mbona nchi ina mambo mazito kuliko hayo? Swali ni la haki, na jibu langu liko nyuma ya ukumbi ule.

Ilipofika kama saa 5 nilikwenda kutafuta choo, nikapita karibu na mlango wa nyuma, ule wenye maandishi makubwa ya kutokea wakati wa hatari. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Mbele yake yalikuwa yamepangwa makreti ya bia mpaka usawa wa kifua. Kando yake alisimama baunsa, kijana mwenye kifua kama kabati. Nikamwuliza, "Kijana, mlango huu mbona umefungwa na watu tumejaa hivi?" Akanijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida: "Mzee, tukiuacha wazi watu wanaingia bure."

Ndugu wasikilizaji, tafakarini jibu hilo. Mlango uliowekwa kuokoa roho umegeuzwa kuwa mlango wa kulinda kiingilio. Aliyetuweka nyuma ya nguzo na aliyefunga mlango ule wana fikra moja. Kwao mteja ni fedha, na fedha ikishaingia mfukoni, mtu aliyeileta hana kazi tena.

Wala haya si mambo ya kubuni. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Walikuwa watoto waliovalishwa nguo za sikukuu na wazazi wao, wakapewa fedha ya kiingilio, wakaambiwa nendeni mkafurahi. Walikufa kwa kukosa hewa na kubanana. Wazazi waliokwenda kuwachukua jioni waliwachukua hospitali. Nchi nzima ililia, na wakati ule tuliambiana kwamba jambo kama lile lisitokee tena.

Na kwa wale wanaodhani kwamba hayo ni ya kwetu tu, nawapeleka Brazil kidogo. Tarehe 27 Januari 2013, katika mji uitwao Santa Maria, moto ulizuka ndani ya ukumbi wa muziki uliojaa vijana, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Bendi iliwasha fataki ndani ya ukumbi, cheche zikashika dari. Watu 242 walikufa, wengi wao kwa moshi. Njia ya kutokea ilikuwa moja. Na katika dakika zile za mwanzo, walinzi wa mlangoni waliwazuia vijana wasitoke, kwa kudhani kwamba wanakimbia bila kulipa walichokunywa. Mnasikia? Walinzi wale hawakuwa wauaji. Walikuwa wafanyakazi waliofundishwa kitu kimoja tu, kwamba kazi ya mlango ni kulinda fedha.

Ndiyo maana mimi sikubali tena kuambiwa kwamba habari ya kiti na saa ni habari ndogo. Mwandaaji asiyejua ameuza tikiti ngapi hawezi kujua ndani mna watu wangapi, na asiyejua ndani mna watu wangapi hajui watatoka kwa muda gani siku moto utakapowaka.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tujue kwamba haki tunayo. Mwaka 1962, tarehe 15 Machi, Rais John Kennedy wa Marekani alilipelekea Bunge la nchi yake ujumbe juu ya wateja, akataja haki nne: haki ya usalama, haki ya kupewa habari za kweli, haki ya kuchagua, na haki ya kusikilizwa. Kwa ajili hiyo tarehe 15 Machi imekuwa Siku ya Haki za Mteja Duniani. Zipimeni haki hizo nne kwa ukumbi ule wangu. Usalama ulifungwa kwa mnyororo. Habari za kweli ziliishia kwenye karatasi ya tikiti. Kuchagua nilichagua kiti cha mbele, nikapewa nguzo. Na kusikilizwa, nilisikilizwa na dereva wa teksi.

Hapa kwetu sheria zipo. Tikiti ni mkataba, na nchi hii ina Sheria ya Mikataba. Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja au kumpa taarifa za uongo kuhusu huduma anayouziwa, na ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina wajibu wake juu ya shughuli za sanaa. Na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007, na namba yake ya simu ni 114. Kazi yake haianzi moto unapowaka. Kukagua mlango wa nyuma ni sehemu ya kuuzima moto ambao haujawaka.

Lakini sheria bila mtu wa kuidai ni kama ngoma bila mpigaji. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukinunua tikiti, soma kila kilichoandikwa, pamoja na zile herufi za chawa. Dai risiti. Kipande cha tikiti usikitupe mlangoni, kiweke mpaka umefika nyumbani, maana ndicho shahidi wako. Ukifika ndani, kabla hujatafuta jukwaa liko wapi, tafuta mlango wa kutokea uko wapi. Ukiukuta umefungwa kwa kufuli, mwambie mwenye ukumbi aufungue. Akikataa, toka, na uwaambie wenzako kwa nini unatoka. Na ukidhulumiwa kiti au saa, andika barua fupi yenye tarehe na nambari ya tikiti, umpelekee mwandaaji, na nakala uipeleke kwa wahusika. Barua moja itatupwa kapuni. Barua 50 zenye kisa kimoja si rahisi kuzitupa.

Kwa waandaaji nina maombi manne, na yote yanawezekana. Tikiti zipewe nambari na zisizidi viti. Saa mbili ziandikwe kwenye tikiti: saa ya kufunguliwa milango na saa ya mwanamuziki mwenyewe kupanda jukwaani. Malipo ya mwanamuziki yamalizwe kabla ya siku ya onyesho. Na milango ya kutokea iwe wazi, kila mmoja na mtu wake wa kuulinda. Mshahara wa kijana mmoja kwa usiku mmoja hauwezi kushinda thamani ya roho za watu.

Msiniambie kwamba Waswahili hatuwezi kwenda na saa. Ng'ambo tu hapo, Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na sifa yake kubwa ni kwamba wanamuziki wanapiga na kuimba papo hapo, bila sauti ya kurekodiwa, kwa ratiba iliyotangazwa mapema. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kuona. Visiwani huko huko kuna kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Hakuna kikundi kinachoweza kuishi zaidi ya miaka 100 kwa kuwadanganya wanaokuja kukisikiliza.

Nimalizie kwa yule mama wa Feri. Majuma mawili baada ya usiku ule nilipita sokoni, nikamkuta kwenye meza yake. Wakati tunasalimiana akatokea mteja mmoja na mfuko, akasema samaki aliyeuziwa jana hakuwa mzima. Mama akamnusa yule samaki, akatikisa kichwa, akampa mwingine wa ukubwa ule ule bila ugomvi. Kisha akanigeukia, akasema, "Unaona, baba? Huyu kesho atarudi."

Mwanamke yule hana ukumbi, hana mabaunsa, wala hana tangazo redioni. Ana meza moja ya mbao na neno lake. Nami tangu siku hiyo samaki wangu nanunua kwake. Ukumbini kule sijarudi, na kipande cha tikiti yangu ninacho mpaka leo. Nimekibanisha kwenye barua niliyomwandikia mwandaaji. Nakala yake nimeipeleka kwa wahusika, na kisa cha kwanza nilichokiandika ni kile cha mnyororo wa mlangoni.